Shavu la mtoto limevimba na meno yanacheza: ni jino kweli?

Mama_Geita: Habari zenu. Mtoto ana miaka 6, taya la juu limevimba wiki ya pili, halimuumi sana. Antibayotiki amemaliza siku 7 na uvimbe umezidi. Nimeambiwa ang'olewe meno mawili yaliyolegea. Nikubali?

Tabibu_Kinywa: Hapana dada, usikubali kwanza. Jipu la jino huuma, huwa na joto, na kwa kawaida hupungua kwa dawa. Uvimbe usio na maumivu makali, unaokua haraka na kulegeza meno kwa mtoto wa umri huo, unatia shaka ya limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe za kinga za mwili. Daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Kampala mwaka 1958, na ukanda wetu wa malaria ndiko inakoonekana zaidi. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo kusubiri wiki nyingine ni hatari.

Nesi_Saratani: Naongezea: mpapase na tumbo, maana huanzia huko pia. Jicho likitokeza, miguu ikikosa nguvu au mkojo ukigoma, ni dharura ya usiku huohuo. Omba rufaa hospitali ya Bugando, Mwanza. Wakate kipande cha uvimbe wakipime. Tafadhali sana, asipewe prednisolone (dawa ya steroidi) kabla ya hapo! Uvimbe utanywea, kisha kipimo kishindwe kuonyesha ugonjwa.

Mama_Geita: Akianza tiba, figo zitahimili?

Nesi_Saratani: Ndiyo maana hulazwa. Seli za saratani zikifa kwa wingi, mabaki yake huziba figo, hivyo hupewa maji mengi ya mshipa na allopurinol, dawa ya kuzuia asidi ya yuriki isirundikane, mapema. Nendeni kesho asubuhi.