MJADALA: Daraja likikosa pini, nani aulizwe?

Jamani tuzungumze hili. Kila mvua ikikata barabara, hapa Mombasa utasikia watu wakisema leteni wahandisi wa jeshi, na mie sipingi, lakini ndani ya jeshi lenyewe nani ajibu kuhusu vifaa: mhandisi anayejenga, bwana stoo, ama wale wa malori?

Chukua daraja la Bailey, lile la vyuma vya kuunganisha alilobuni Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Paneli moja, yaani kipande kimoja cha fremu ya chuma ya ubavuni, ina urefu wa futi 10, kilo kama 260, wanaume 6 wanaibeba bila kreni. Sasa paneli na paneli zinashikana kwa pini, kichuma cha kushika mkononi tu. Paneli zote zifike na pini zibaki bohari, hizo paneli zitalala kando ya mto mpaka kesho kutwa na watu wako ng'ambo.

Mie nimekaa stoo Changamwe miaka 11. Siku moja tulipeleka mabomba saiti, lori likafika saa 11 alfajiri, bolti za kufungia hakuna. Bwana stoo akasema nilitoa kilichoandikwa, dereva akasema nilibeba nilichopewa, injinia naye akasema mimi niliomba laini ya maji, bolti zinajulikana. Na wallahi wote walikuwa wakweli! Tulikaa siku 2.

Kwa hivyo mhandisi apime upana wa mto na uzito wa magari, stoo itunze, uchukuzi ubebe, sawa, lakini kuona kama seti imetimia kabla lori halijawashwa apewe mtu mmoja anayejulikana kwa jina, na awe mhandisi, sababu bwana stoo anajua hesabu, hajui kipi kikikosekana kazi yote inasimama.

Jibu, kutoka Likoni:
Kaka, mafuriko hayangoji fomu. Jeshini kamanda akisema peleka, vinapelekwa. Tena ukimtoa mhandisi mtoni aje kuhesabu pini, nani atapima kina cha maji?

Mwenye mada:
Hapo kwa mhandisi umenishika, nakubali. Basi awe sajenti wa uhandisi ambaye ashajenga hilo daraja kwa mikono yake, akae bohari. Lakini kamanda ataamrisha lori liondoke, pini ambayo haikupakiwa ataiamrisha vipi? Hiyo kazi igawanywe wakati wa kaskazi, kabla ya masika, sio maji yashafika kiunoni. Wewe ungemweka nani?