Mume anataka nisaini nyumba iwekwe rehani, naombeni ushauri

MamaKihonda:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri wa dhati, hasa wenye ndoa na wanaojua mikopo.

Mume wangu anaendesha Fuso la tajiri, anabeba nyanya kutoka Ilula kwenda soko la Ilala. Kazi anaiweza, na kila akipeleka hesabu anarudi na uchungu kwamba jasho lake linamjenga mwenzie. Sasa kapata mtu anayeuza Fuso. Benki wako tayari kumkopesha, dhamana ni nyumba yetu hapa Kihonda, Morogoro. Hati ina jina lake, lakini tofali za chumba cha watoto na bati zote zilitoka kwenye kikoba changu. Bila saini yangu hakuna mkopo.

Nilipoomba muda nifikirie akasema, "Kama unanipenda, unafikiria nini?" Mama mkwe naye kapiga simu, eti mwanawe hainuki kwa sababu nimemkalia. Nampenda, na gari lake nalitaka hata mimi. Ila nikiwatazama watoto wamelala, mkono unakuwa mzito. Nifanyeje?

Mzee wa Mizigo:
Dada, nipo kwenye biashara hiyo. Mumeo hajakosea kutaka gari lake, madereva wazuri wengi wanazeekea kwenye usukani wa mtu. Lakini muulize hesabu ya mwezi mbaya. Masika gari linakwama shambani, nyanya zinaivia humo humo. Injini ikifa, Fuso linalala gereji na rejesho la benki halisubiri. Na je, akishusha Dar anarudi na mzigo gani? Gari likipanda tupu hadi Iringa, mafuta yanakula faida yote.

Shemeji Mpole:
Mimi namtetea jamaa. Mwanaume akikatwa maneno nyumbani anaacha kushirikisha. Ataenda kuchukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, kimyakimya, na hapo utalia zaidi. Usimjibu hapana tupu.

Afisa Mikopo:
Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 hakiruhusu mtu kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inadai ridhaa hiyo kwenye rehani. Jina kwenye hati halibadilishi kitu. Ndiyo maana wanakuhitaji. Ila ukisaini umesaini: mkopo ukishindikana inakuja notisi, kisha dalali. Omba usomewe masharti yote kabla. Na ulizeni kama gari lenyewe linaweza kuwa dhamana, kadi ikae kwa mkopeshaji na mkate bima kubwa. Mtatakiwa kutanguliza pesa, lakini nyumba inabaki salama.

Bint Ruaha:
Dada yangu alisaini kwa mapenzi. Biashara kuyumba alisamehe. Kilichomvunja ni kwamba marejesho yalisimama na mume akanyamaza, akaja kujua siku dalali alipobandika karatasi ukutani. Mimi ningeangalia hilo kwanza: mumeo akipata hasara huwa anakwambia siku ileile, au unasikia kwa majirani? Mwenye kukwambia mnaweza kuhangaika pamoja. Na neno la "kama unanipenda" mwambie wazi limekuumiza, kabla ya kugusa habari za mkopo.

MamaKihonda:
Nimesoma zote, asanteni sana. Bint Ruaha, huwa ananiambia, hata kama ni baada ya kununa. Hilo la gari kuwa dhamana hatukulijua kabisa. Akirudi safari tutakaa wawili na karatasi, mama mkwe nitamsalimia kivyake. Kikoba chetu tunavunja Desemba, fungu langu niko tayari kuliweka kwenye kianzio.

Mzee wa Mizigo:
Hapo sawa. Asitoe hata shilingi kabla fundi wake hajaikagua injini na kadi haijahakikiwa TRA. Akikwama kwenye hesabu za njia, niandikie hapa hapa.