Jazz Bass ya 1960 iliyotolewa upya: swichi mbili au tatu?

NyuziNne: Wakuu, nimepiga gitaa la besi la Fender aina ya Precision miaka tisa. Sasa nataka besi yao nyingine, Jazz Bass, lile toleo jipya linaloiga ya 1960, zile swichi za kuzungusha zilizopandana mbili mbili. Kuna tofauti ya sauti au ni urembo tu?

MzeeWaBesi: Si urembo, mkuu. Kila pikapu (sumaku inayonasa mlio wa nyuzi) ina swichi yake ya sauti na ya toni. Mimi ya nyuma naifungua toni yote, ya mbele naifunga nusu. Mlio unapata meno na uzito unabaki. Zenye swichi tatu toni ni moja kwa zote, hilo hulipati. Ubaya: jukwaani gizani unashika swichi ya juu, ya chini nayo inazunguka. Nimeaibika hivyo katikati ya wimbo.

KidoleGumba: Shingo pia. Precision za zama zile zina upana wa kama milimita 44 pale nyuzi zinapoanzia, Jazz ni 38. Wiki ya kwanza vidole vyangu viligongana tu.

MzeeWaBesi: Halafu uliza chuma cha kunyooshea shingo kinakazwa wapi. Zinazoiga kikweli, ni kwenye kisigino cha shingo, pale inapoungana na mwili wa gitaa. Nililegeza nyuzi, nikafungua skrubu nne, nikazungusha robo, nikafunga, nikapima. Bado. Mara tatu! Kuiga mpaka usumbufu?

NyuziNne: Haha, nimekupata mzee. Na sponji ya kufupisha mlio chini ya nyuzi?

MzeeWaBesi: Ukifunga nyuzi bapa (zilizozungushiwa utepe laini), iache. Ukipiga kwa kuchapa nyuzi kwa kidole gumba, itoe.