Nchi tajiri zinazochukua wauguzi wa nchi maskini zilipe fidia?

Kipimajoto: Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kufikia 2030 dunia itapungukiwa na wahudumu wa afya wapatao milioni 11, na pengo kubwa liko nchi maskini. Huko huko ndiko Uingereza, Ujerumani na nchi za Ghuba zinakochota wauguzi. Mtu anasomeshwa kwa kodi ya wananchi, akishaiva anaondoka. Naona nchi inayomchukua irudishe gharama za masomo yake. Mnasemaje?

MtuHuru: Imrudishie nani? Ikipewa serikali, hela zitaishia kwenye semina na magari. Tazameni Cuba: madaktari wanaotumwa nje, serikali inabaki na sehemu kubwa ya malipo yao. Binadamu si mali ya wizara. Na tuseme ukweli, wengine wakiondoka hatutawakosa. Lugha za manesi wodini sote tunazijua.

Sindano: Hatutawakosa? Kayaseme hayo siku umelazwa. Mimi ni nesi. Zamu ya usiku niko peke yangu, vitanda vimejaa, wengine wamelala chini. Dripu ya kitanda cha kona imekwisha, mtoto karibu na mlango anapumua kwa shida, na ndugu wa mgonjwa ananivuta mkono anataka shuka. Nikisema "subiri" kwa sauti ya juu, kesho natangazwa kwamba nimemtukana.

Mjukuu: Pole dada, kazi yenu ngumu. Ila dada yangu akiwa kwenye uchungu aliambiwa, "Mbona hukulia ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba?" Uchovu hautungi sentensi kama ile.

Sindano: Aliyesema hivyo aadhibiwe, simtetei. Lakini kwa nini nibebeshwe mimi?

Kipimajoto: Jamani, turudi kwenye fidia. Si kuna mkataba wa WHO wa 2010 unaokataza kuajiri kutoka nchi zenye upungufu?

Daftari: Haukatazi, na si mkataba. Ni mwongozo wa hiari uliopitishwa Mei 2010, hauna adhabu yoyote. Orodha ya WHO ya 2023 ina nchi 55 ambazo mataifa mengine yanaombwa yasiende kusaka wahudumu huko. Muuguzi akiomba kazi mwenyewe, hazuiwi. Halafu kuna jambo linaloniuma zaidi: zipo nchi ambazo wauguzi wamehitimu na wanakaa mtaani bila ajira, huku zahanati hazina watu, kwa sababu fungu la mishahara halipo. Mwaka 2001 kule Abuja viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi nyingi hazijafika hapo. Tunamdai mgeni fidia wakati deni la nyumbani hatulidai?

MtuHuru: Ndicho nilichosema tangu mwanzo.

Sindano: Hukusema hicho. Ulisema hatutawakosa. Nasubiri ufute.

MtuHuru: Sifuti. Nilisema "wengine". Huyo aliyemjibu dada wa Mjukuu maneno yale, aende atakako, nitamsindikiza mpaka uwanja wa ndege.

Mjukuu: Usimtumie dada yangu kushindia hoja yako. Huyo haendi popote. Waajiri wa nje wanataka wenye uzoefu na barua nzuri za mapendekezo. Wanamchukua Sindano, huyo tunaachiwa sisi, na zamu ya usiku atakuwa yeye peke yake.