Mjadala: Meme isomwe kama gazeti au kama kanga?

Doti Mbili (mtoa mada)

Wakuu, naweka hoja moja mezani. Meme, yaani picha ya mtandaoni inayopita mkono kwa mkono huku kila mtu akiibadilisha maneno, ikiwa moja peke yake haisomeki. Anayechukua picha moja yenye maneno akaitolea hukumu kwamba ni ya kibaguzi, au kwamba ni utani tu, anabahatisha. Kinachosomeka ni mfululizo, yaani picha ileile ikiwa imebadilishwa maneno mara thelathini au hamsini. Kile kisichobadilika humo ndicho cha kukitazama, kwa sababu kila aliyeitumia amekikubali bila kuulizwa.

Chukueni picha ya kijana anayegeuka kumtazama msichana anayepita huku mpenzi wake akimkazia macho. Aliipiga Antonio Guillem, Mhispania, mwaka 2015 mjini Girona, ili iuzwe kwa yeyote anayehitaji picha ya tangazo au makala. Mapema 2017 kikundi kimoja cha Kituruki cha wapenzi wa muziki wa rock kikambandika kijana yule jina la Phil Collins, anaiacha rock akiitamani pop. Tangu hapo majina hayana idadi: usingizi na mtihani, bajeti na simu mpya. Ila nafasi tatu ziko palepale. Mwanamume ndiye anayechagua, na wanawake wawili ndio wanaochaguliwa, mmoja wa zamani na mmoja mpya.

Mwaka 2018 kampuni ya intaneti ya Sweden, Bahnhof, ikaitumia kutafuta wafanyakazi. Kijana akawa "wewe", mpenzi akawa "kazi yako ya sasa", msichana anayepita akawa Bahnhof. Septemba mwaka huo chombo cha nchini humo kinachosimamia maadili ya matangazo kikasema tangazo linabagua kijinsia, linawaonyesha wanawake kama vitu vya kubadilishana. Kampuni ikajibu kwamba anayefuatilia meme anajua jinsia haina uzito pale. Kampuni ilisoma maneno, chombo kikasoma nafasi. Mimi nasema chombo kilisoma vizuri zaidi.

Namna ya kufanya: kusanya nakala zisizopungua thelathini, kutoka kurasa tofauti na miezi tofauti. Andika kila moja kwenye jedwali. Limor Shifman, mtafiti wa meme, anatupa safu tatu, nazo ni maudhui (inazungumzia nini), umbo (picha na maneno vimepangwaje) na msimamo (msemaji anajiweka wapi). Ongeza ya nne: nani amekaa nafasi gani. Kosa la kawaida ni kuchukua zile za juu zinazoletwa na kitufe cha kutafuta. Hizo ndizo zilizopendwa, na zilizopendwa zinafanana, kwa hiyo utaona mfululizo uliokwisha kuchujwa. Kosa la pili ni kutafsiri maneno kabla hujaeleza picha. Roland Barthes, mwananadharia Mfaransa wa ishara na picha, alionyesha mwaka 1964 kwamba maandishi hufanya kazi ya nanga: picha ina maana nyingi zinazoelea, maneno yanaikamata moja. Ukianza na nanga hutaiona bahari.

Fanani

Mkuu Doti Mbili, jedwali lako ni zuri kwa gazeti. Kwa meme halitoshi, na jina ulilojipa lingekukumbusha sababu. Kanga ina pindo, mji na jina. Ukitundika kanga mia ukutani ukapanga majina yake kwenye safu, utajua mafundi wa viwandani wanapenda maneno gani. Hutajua lolote kuhusu yule mama aliyejifunga *Umdhaniaye ndiye kumbe siye* asubuhi ya Ijumaa akapita mara tatu mlangoni kwa mke mwenzie. Maana ilikuwa katika ule upitaji. Na akiulizwa ana jibu: "Nimejifunga kanga tu." Kinga hiyo ni sehemu ya usemi wenyewe. Meme inafanya hivyohivyo. Anayeirusha kwenye kundi la ukoo dakika mbili baada ya shemeji kuomba mchango amesema jambo, na hajasema.

Kwa hiyo nauliza: jedwali lako lina safu ya mlango? Aliyepeleka ni nani, kwa nani, baada ya ujumbe upi, na nani alinyamaza? Tatizo hili limo hata kwa wakubwa unaowafuata. Stuart Hall, mtaalamu wa masomo ya utamaduni, aliandika mwaka 1973 juu ya televisheni. Alikuwa na kituo kimoja kinachosimba ujumbe (kinautia maana), na watazamaji wanaousimbua (wanaitoa maana hiyo) kwa njia tatu: wanaoupokea ulivyo, wanaoupokea kwa masharti, wanaoupinga. Meme haina kituo. Kila msomaji ana kalamu mkononi, na akishasoma anaandika juu ya kilekile alichokisoma.

Kalamu Kavu

Mnaojadili milango, kumbukeni kuna mlango wa mahakama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inataja taarifa iliyowekwa kwa picha, maandishi, alama au namna nyingine yoyote, ambayo mtu anajua ni ya uongo au ya kupotosha, akaichapisha kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kuudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili.

Hapo swali la nadharia linakuwa swali la mtu kulala rumande. Kifungu kinauliza kama jambo ni kweli au uongo. Meme nyingi hazitoi dai linaloweza kuwa kweli au uongo: kichwa cha kiongozi juu ya mwili wa mcheza mpira si taarifa kwamba amesajiliwa. Hivyo kabla ya kitu kingine uliza: je, maneno yanadai jambo lililotokea? Yana tarehe, takwimu, nembo ya chombo cha habari? Kama picha imevaa sura ya habari, mtu anaweza kudanganyika na hoja ya utani inapungua nguvu. Kama imevaa sura ya meme, na mfululizo wa Doti Mbili unaonyesha kwamba picha hiyo inajulikana kwa utani, utetezi una mguu wa kusimamia. Naona mfululizo na mlango vyote vinahitajika. Mfululizo unaeleza kaida, mlango unaeleza nia.

Doti Mbili

Nakubali safu ya mlango iongezwe. Lakini Fanani, mlango pekee unatuficha jambo kubwa. Angalia #WhatWouldMagufuliDo ya Novemba 2015. Rais ameapishwa tarehe 5, muda mfupi baadaye anabana safari za nje, anafuta sherehe za Uhuru za Desemba 9 na kuagiza watu wafanye usafi. Watanzania na Wakenya wakaanza: nilitaka kununua kitu fulani, nikajiuliza Magufuli angefanya nini, kisha picha ya kitu cha bei ya bure kilichochukua nafasi yake. Kila mlango ulikuwa na kicheko chake. Nairobi wengi waliitumia kuwasuta viongozi wao wenyewe, na huo ni usomaji wa kupinga kabisa, ile njia ya tatu ya Hall. Dar kicheko kilikuwa cha shangwe zaidi.

Sasa panga mfululizo. Kitu kinabadilika, mlango unabadilika. Kisichobadilika ni swali: raia anasimama mbele ya mfuko wake na kumuuliza kiongozi. Na anayefanywa mdogo katika kila picha ni raia, kamwe si kiongozi. Hii ndiyo hegemonia inavyofanya kazi, utawala unaoingia nyumbani kwa hiari na kwa kicheko. Anayesoma mlango mmoja mmoja hawezi kuiona.

Fanani

Hapo umenigusa, lakini si mpaka mwisho. Katika utani, kujidunisha ni silaha. Mtani anajifanya maskini wa kupindukia ili ukali wa mwenzake uonekane umepita kiasi. Picha ile yenye kitu cha ajabu kabisa ilikuwa inapima: ubanaji ukifika hapa, bado ni wema? Jedwali lako linaandika "raia mdogo". Sikio la utani linasikia "kipimo kimevuka".

Pindo la Kijani

Naongeza la kiufundi, maana mnazungumza kana kwamba ushahidi uko mezani. Kwenye WhatsApp ujumbe uliosambazwa haubebi jina la aliyeanzisha. Mkiona mishale miwili, umepitia mnyororo wa mikono mitano au zaidi. Picha nayo inabanwa inapotumwa: kingo za herufi zinachakaa, rangi ya ngozi inakuwa na vimiraba, na mtu akipiga picha ya skrini ule ukanda wa betri na saa unabaki juu. Usiukate! Huo ndio muhuri wa safari. Hito Steyerl, msanii na mwandishi Mjerumani, aliitetea picha duni (iliyopoteza ubora kwa kunakiliwa) mwaka 2009 kwa hoja kwamba uduni wake unaeleza imepita wapi na kwa mikono ya nani. Wengi wanaokusanya hutafuta nakala safi ili jedwali lipendeze, na kwa kufanya hivyo wanafuta mlango anaoutaka Fanani.

Tena kuna hili: mlango wenyewe mara nyingi ni wa faragha. Kuchukua mazungumzo ya kundi la ukoo ili kupata safu ya "nani alinyamaza" ni kuwaingilia watu ambao hawakuombwa. Fanani, njia yako inahitaji ridhaa ya kila aliyemo, na ukishaiomba hakuna atakayerusha kanga ileile kesho.

Fanani

Ni kweli, na kwa hilo sina jibu zaidi ya la wazee wa fasihi simulizi: kaa ndani ya kundi kwa muda mrefu, eleza kazi yako siku ya kwanza, usinakili picha ya mtu bali andika tukio lilivyokwenda. Utapata meme tano kwa mwezi badala ya hamsini kwa saa. Doti Mbili ataona ni chache.

Doti Mbili

Naona ni chache. Leta hizo tano tuzipange kwenye jedwali la safu tano, tuone kama "raia mdogo" na "kipimo kimevuka" zinatofautiana penye nyuso za watu, au kwenye maneno yetu tu.