Jenereta la jeshi MEP-803A kwa ajili ya nyumbani, waliowahi kufunga naombeni msaada

Mbuyu77:
Wakuu habari zenu. Niko Texas nje kidogo ya Houston, tangu ile baridi ya Februari 2021 halafu kimbunga Beryl Julai 2024 nimechoka kutupa nyama ya friza. Sasa kuna jamaa anauza jenereta la jeshi la Marekani, lile la kijani, MEP-803A, la dizeli kilowati 10, alilitoa mnadani. Mita ya masaa inasoma kidogo sana, anadai jeshi waliliova-hoo (walilifumua wakalitengeneza upya) ndo maana, sijui kama sio maneno ya udalali. Nyumbani nina AC, friji, friza na pampu ya kisima. Nichukue? Na kuunga na nyumba inakuwaje maana kuna mshkaji kaniambia nitengeneze tu waya wenye plagi pande zote mbili nichomeke kwenye soketi ya mashine ya kukaushia nguo basi kazi imeisha.

FundiStata:
Huyo mshkaji usimsikilize tena kwenye jambo lolote la umeme. Ukisahau kuzima breka kuu, umeme wako unatoka nje unapita kwenye transfoma kinyumenyume unakuwa maelfu ya volti, na kuna mtu yuko juu ya nguzo anaamini laini imekufa. Weka transfer swichi (inayoifanya nyumba ipokee ama umeme wa nje ama wa jenereta, sio vyote pamoja), au kile kibati cha kwenye paneli kinachozuia breka mbili kuwaka pamoja, chukua kibali, tafuta fundi mwenye leseni.

Mashine yenyewe ni chuma kweli. Injini ni Lister Petter silinda 4, inazunguka mara 1800 kwa dakika wakati zile za petroli za dukani nyingi ni 3600, ndo maana inadumu. Soma kibao kwanza, ukikuta MEP-813A achana nayo, hiyo ni hezi 400 badala ya 60, vitu vya nyumbani havitaki. Mita ya masaa usiitegemee, fungua milango uchungulie mipira ya mafuta, hasa ile midogo ya kurudishia dizeli kutoka kwenye nozeli (zinazopulizia dizeli ndani ya injini), ikizeeka inapasuka na utaona unyevunyevu wa dizeli pembeni ya injini. Angalia na viota vya panya, wanapenda sana kutafuna nyaya humo.

Kuna swichi ya kuchagua voltiji, unaweza kuikuta iko 120/208 fezi tatu. Iweke 120/240 injini ikiwa IMEZIMWA, waya za moto L1 na L3, nyutro L0, halafu pima kwa mita kabla hujapeleka chochote ndani. Nyutro na ethi vikutane sehemu moja tu, kama transfer swichi yako haikati nyutro basi kile kiungio cha kwenye jenereta kinatolewa.

Mama Zuu:
Samahanini naingilia, kaka Fundi, mimi na mume wangu tulitaka tununue kama hilo tupeleke Tanga, huko umeme unakatika kila mara. Inafaa?

FundiStata:
Dada hapana. Hilo limeundwa kwa hezi 60, Tanga ni volti 230 hezi 50, mtaishia kuhangaika na pampu na friji, na vifaa vya jeshi vina masharti yake kuvitoa Marekani. Hela hiyo mtafute jenereta la hezi 50, linalozunguka mara 1500 kwa dakika, hukohuko, na spea mtazipata.

Kipusa_wa_Katy:
Nalo kama hilo. Naongezea kitu watu wanapuuza, DIZELI HAIPENDI KUWASHWA BURE. Watu wanawasha dakika kumi kila wiki bila lodi wanadhani wanalitunza, injini haipati joto, mafuta hayaungui yote, unakuta ekzosi inatoa majimaji meusi yananata kama lami. Bora mara moja kwa mwezi ulipe mzigo wa nusu au zaidi kwa saa nzima, mimi natumia hita ya maji na jiko la umeme. Betri ni mbili za volti 12 zimeungwa kuwa 24, usije ukachukua umeme kwenye moja tu, unaua zote. Oili 15W-40, filta za mafuta weka za akiba, lodi ikiwa kamili linakunywa kama galoni moja kwa saa. Halafu kuna swichi imeandikwa Battle Short, ikiwashwa mashine haijizimi hata oili ikiisha au injini ikichemka. Vitani sawa, nyumbani iache chini na kifuniko chake.

Na liwe nje kabisa, mbali na madirisha. Ile baridi ya 2021 moshi wa majenereta uliua watu hapahapa, sio gereji hata kama mlango uko wazi. Uzito ni zaidi ya kilo 500 kwa hiyo mwaga zege kabla halijafika.

Mbuyu77:
Nimewaelewa wakuu, kibati cha paneli naagiza leo. Jamaa anasema Jumamosi nikifika atakuwa ameshaliwasha linanguruma.

FundiStata:
Mwambie asiguse. Fika ushike injini kwa mkono iwe ya baridi, ndo apige stata mbele yako. Likishika haraka bila kupuliziwa etha (dawa ya kusaidia injini ngumu kuwaka), anza kuongea bei.