Mlango mmeuhifadhi, ukuta mmetuulia! Kero ya hoteli za vichochoroni Mji Mkongwe

Asalaam aleikum wana jamvi. Leo sina mzaha. Wenye wimbo wa "tusiwafukuze wawekezaji" wakae pembeni kidogo, zamu yao itafika.

Jumapili alfajiri kipande cha lipu, kikubwa kama sinia la pilau, kilianguka juu ya mto wa mama yangu. Kilichomuokoa ni kuwa alikuwa keshaamka kusali. Umri wake miaka 74, na chumba hicho ndicho alichoingilia harusi. Nilipopeleka mkono ukutani ukarudi umelowa, na masika yameshapita zamani.

Tunakaa Mji Mkongwe, Unguja. Mtaa siutaji kwa sababu sitaki ugomvi wa majina. Ukuta huo ni wa shirika. Upande huu sisi, upande wa pili hoteli ya vyumba tisa. Miaka minne nyuma hapo walikuwa wanakaa watu: familia tatu, ghorofa moja moja, mfereji mmoja uani na choo kimoja chini. Hoteli imeweka vyoo tisa. Tisa! Kila chumba na bafu lake, na mabomba yamepitishwa kwa kutindua ukuta ambao nusu yake ni wangu, bila mtu kupiga hodi.

Kwa wasiozijua nyumba hizi, ukuta wake si wa tofali. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene nusu mita na zaidi. Chokaa inapumua. Ukuta unalowa wakati wa mvua, jua likija unakauka, na umeishi hivyo miaka mia na zaidi. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba pumzi: maji yaliyomo ndani hayana pa kutokea, yanapanda, chumvi inachanua juu ya rangi kama ukungu, na jiwe linageuka unga ukilikwaruza kwa kucha. Na ndani ya ukuta huohuo ndimo vilimochomekwa vichwa vya boriti za mikoko zinazobeba dari. Kichwa cha boriti kikilowa kinaoza kimyakimya. Wewe unaona dari imenyooka, kumbe imeshikiliwa na desturi tu.

Ndiyo maana pia vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Wazee walipima kwa boriti, na hakuna mkoko wa kukubebea dari yenye upana wa mita tano. Jirani wangu mpya aliona vyumba ni vidogo kwa wageni wake, akaangusha ukuta wa kati ghorofa ya pili ili apate chumba cha fungate. Niliusikia ukianguka. Vikombe vya kabatini kwetu vililia.

Sasa msikie cha ofisi (ipi, siisemi). Mwaka juzi dirisha letu la mbele liliharibika, nikatia la alumini kwa sababu mbao ilikuwa bei ya kuoa. Haikupita wiki nimeletewa barua: toa, rudisha mbao, huu ni mji wa urithi. Nikatoa, sikubisha, kwa sababu kusema kweli walikuwa na haki. Lakini hoteli ilipotindua ukuta, ikapandisha matangi ya maji juu ya paa na kupaka saruji nje na ndani, nimekwenda mara tano. Mara ya kwanza leta barua. Mara ya pili barua haina picha. Mara ya tatu mhusika yuko semina. Mara ya nne nikaambiwa mbona jengo lile limependeza, limerudishiwa na mlango wake wa kuchonga. Mara ya tano nilikwenda kuomba nirudishiwe picha zangu.

Mlango! Kila mtu anaangalia mlango. Ni kweli umesuguliwa, misumari ya shaba inang'aa, wageni wanapiga nao picha asubuhi na jioni. Mji huu umeingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo ni kama tumekubaliana kwamba urithi ni kile kinachoonekana ukiwa umesimama kichochoroni na kamera. Aliyezijenga nyumba hizi hakuwa akiwaza kamera. Alikuwa anawaza jirani.

Mlango wetu na wa nyumba ya mkabala havitazamani, vimepishwa kidogo, ili wa huku akifungua asimuone wa kule ukumbini kwake. Dirisha la juu halichungulii uani kwa mwenzio. Uani ndimo mwanamke anamofua, anamosuka, anamopika akiwa kichwa wazi. Watu wameweza kubanana hivi, ukuta kwa ukuta, kwa sababu ya stara hiyo. Bila ya stara wangeshachinjana.

Hoteli imejenga mgahawa juu ya paa. Jioni wageni wanapanda kunywa na kutazama jua likizama, na wakichoka na jua wanatutazama sisi. Mama anavaa buibui uani kwake kuanika nguo. Siku moja alinyanyua kichwa akakuta mtu anampiga picha akiwa anakuna nazi. Aliingia ndani, nazi akaiacha juu ya mbuzi. Hakusema kitu, na mama yangu si mtu wa kunyamaza.

Baraza nayo! Ile ya mawe mbele ya nyumba yao ilikuwa ya mtaa mzima. Muuza kahawa alikuwa akituliza dele lake pale baada ya Alasiri, wazee na dhumna yao, siasa, mpira, fitina kidogo (sikatai, fitina nyingi). Sasa imepangwa vyungu vya maua mwanzo hadi mwisho, hata paka hana pa kukaa, na palipobaki panadondokewa na maji ya viyoyozi. Wazee wamehama. Wawili wanakwenda Jaws Corner, kile kijiwe cha kahawa, waliobaki wamejifungia majumbani.

Mtasema baraza ni sehemu ya porojo. Haya, nikwambieni. Miaka sita nyuma marehemu baba alizidiwa saa nne ya usiku. Gari haiingii kichochoroni kwetu. Waliokuwa barazani waliinuka, wakamkalisha kwenye kiti cha mbao, wanne wakakibeba mpaka barabarani, wa tano alishakimbia kutafuta teksi. Mwezi uliopita mama alianguka kwenye ngazi, nikatoka nje napiga kelele, nikamkuta mlinzi wa hoteli. Kijana wa watu, hana kosa, katoka mbali kutafuta riziki. Akaniuliza: "Unaishi hapa?" Nilimbeba mama mgongoni.

Nisije nikaonekana napaka asali ya zamani. Wale majirani wa mwanzo hawakuwa malaika. Wa juu walikuwa wanamwaga maji ya kufulia dirishani bila kutazama chini, redio yao ilikuwa inafika kisiwani Chumbe, na ugomvi wa zamu ya choo niliusuluhisha mie mwenyewe si mara moja. Na sisi wenye nyumba tunajijua. Yetu ni ya mirathi, warithi tuko kumi na moja, watatu wako Maskati, mmoja yuko Uingereza, na kila ukitaja kuchangia chokaa simu inakatika. Nyumba nyingi humu zinakufa kwa mirathi kabla hazijaguswa na hoteli. Hilo nalikubali. Ila kuipuuza nyumba yako ni jambo moja, na kumwagia maji ukuta wa mwenzio ni jingine.

Kaka yangu yuko Michenzani, kwenye zile nyumba za maendeleo zilizojengwa baada ya Mapinduzi kwa ramani za Wajerumani Mashariki. Zamani tukizicheka, tunaziita maboksi. Juzi nimekaa naye chini ya ngazi, watu wametandika majamvi, kuna kahawa, kuna bao, watoto wamejaa, na kila anayepita anamjua wa ghorofa ya nne anaumwa nini. Barazani kwao hakuna hata jiwe moja la urithi. Kaka kasema uza, njoo huku. Nilimkasirikia, halafu njiani nikaona hasira zangu zimekosea nyumba.

Na msiniambie ukuta hauanguki. Beit al Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 mchana kweupe, tena likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Lile ni jumba lililokuwa likitazamwa na dunia nzima. Chumba cha mama yangu anakitazama nani?

Ninachotaka si hoteli ifungwe. Nataka mabomba yatoke kwenye ukuta wa shirika, saruji ikwanguliwe irudi chokaa, paani wasimamishe ukuta wa kuzuia macho, na vile vyungu viondoke barazani. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, ameniitia kikao Alkhamisi na meneja. Mwenye hoteli mwenyewe hajawahi kuonekana, wengine wanasema hayupo hata nchini.

NYONGEZA: Kuna mmoja hapo chini ameniambia "mbona hukupinga wakati wanajenga?" Ndugu, walipoanza walituletea sinia la halua na kusema wanatia rangi. Tumefundishwa chuoni kuwa jirani ni nyumba arubaini kila upande. Ningemkagua anayeniletea halua?

Mwingine kauliza mama anaendeleaje. Ahsante, yuko ukumbini, kitanda tumekitoa kule. Anachouliza kila siku ni lini atarudi chumbani kwake.

Na kama kuna anayemjua fundi wa chokaa, wa kweli, anayejua kuilaza chokaa mpaka iive, aniandikie huku leo kabla ya Alkhamisi. Mafundi wa saruji msijisumbue. Nimeshaleta sita, na wote sita wameugonga ukuta mara mbili wakaniambia vunja.